Mwelekezi Anayeweza Kumkatalia Mzee

Kabla hujauliza bei ya kupandishwa Mlima Elgon, muulize mwelekezi kama amewahi kumrudisha njiani mtu aliyemzidi umri. Kisha nyamaza umsikilize. Akikuambia wateja wake wote hufika kileleni, mshukuru utafute mwingine. Akianza kukusimulia mzee fulani aliyeteremshwa, walikuwa wamefika wapi, alikuwa na dalili gani na walivyozungumza, huyo mpe kazi.

Nayasema haya kwa sababu nimeona vyama vya walimu, vikundi vya kanisa na hata makundi ya harusi huku kwetu Kisumu na Kakamega vikianza kupanga safari za mlima. Nafurahi kwelikweli. Miaka mingi tulikuwa tukiusikia Elgon kwa habari mbaya tu, hasa mapigano ya ardhi ya 2006 hadi 2008, na mtu akitaka kupanda mlima alifikiria Mlima Kenya au Kilimanjaro. Sasa watu wanagundua kwamba mlima mkubwa uko hapa jirani, nauli ya matatu inatosha kukufikisha Kitale. Ila huu mlima unadanganya. Ukiutazama kutoka Kimilili au Kitale asubuhi isiyo na mawingu, umelala upana mrefu, hauna ncha kali ya kukutisha. Ni volkano iliyozimika zamani sana na juu yake imeporomoka ikaacha bonde kubwa la mviringo. Lakini Koitobos, kilele tunachopanda kutoka upande wa Kenya, kina mita 4,222. Wagagai ng'ambo ya Uganda kina mita 4,321. Hiyo si safari ya pikiniki.

Sisi ni chama cha walimu kutoka shule mbalimbali za Kisumu. Tulichanga mwaka mzima kwa M-Pesa, kila mwezi, na mweka hazina wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu ambaye aliwafundisha baadhi yetu tukiwa watoto. Tunamwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, kama inavyompasa mtu wa umri wake. Tulichagua mwanzo wa Januari, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Machi mvua hupungua mlimani, na shule zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Kampuni ya kwanza tuliyoongea nayo ilituletea mpango wa kuvutia. Tutoke Kisumu alfajiri, tupite Kakamega, Webuye na Kitale, tuingie mbugani kupitia lango la Chorlim, kisha Landikruza itupandishe hadi barabara inapoishia. Tulale huko, asubuhi tupande kilele, jioni tuwe njiani kurudi. Bei ilikuwa nzuri na siku zilikuwa chache. Wenzangu walishangilia.

Mimi nafundisha jiografia, na nilipoziweka zile namba kwenye karatasi sikuzipenda. Kisumu iko mita 1,131 kutoka usawa wa bahari. Barabara ya gari mlimani inapanda hadi karibu mita 3,500. Maana yake ni kwamba mtu aliyeamka kando ya Ziwa angelala usiku huohuo mahali ambapo kila pumzi inampa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani ya bahari. Madaktari wa milimani wana kanuni inayojulikana: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kilima cha kutembelea mchana kinaweza kuwa juu zaidi, mradi urudi kulala chini. Mpango wa ile kampuni ulikuwa unairuka kanuni hiyo kwa miguu miwili.

Mwalimu mwenzetu aliyewahi kufundisha Endebess alituunganisha na kijana wa Kisabaot, mwenyeji wa mlima huu, ambaye amekuwa akiwapandisha watu tangu amalize shule. Nilimpigia simu, nikamweleza mpango ule. Akacheka kidogo, akasema, "Madam, gari litafika. Vichwa ndivyo vitakavyochelewa."

Yeye alitaka tulale usiku wa kwanza langoni Chorlim, ambako tayari ni zaidi ya mita 2,000, siku inayofuata tuzunguke mapangoni, kisha tuanze kupanda kwa miguu tukilala kambi ya msituni kabla ya kambi ya juu. Gharama ikapanda. Askari wa wanyamapori mwenye bunduki hulipwa kwa siku, na huendi bila yeye kwa sababu ya nyati na ndovu. Chakula kikaongezeka, wapagazi wakaongezeka, na kikao cha chama kikawa na kelele. Kilichotuokoa ni kwamba tulikata kwenye gari. Badala ya kuliweka gari siku zote, tulikodi la kupeleka mizigo na kuja kutuchukua. Gari peke yake lingekula pesa kuliko chakula chetu chote.

Jambo moja alilolishikilia yule kijana ni kila mtu aongeze shilingi 1,500 ambazo hazitaguswa kwa jambo lolote isipokuwa kumteremsha mgonjwa. Wengine walinung'unika. Tukaziita pesa za kushukia, na Jaduong' akaziandika kwenye ukurasa wake peke yake. Ninawasihi mfanye hivyo. Mtu akiwa anatapika baridini si wakati wa kuanza kuulizana nani atalipia dizeli.

Kuhusu vifaa sina mengi. Koti zito nilipata kwenye mitumba ya Kibuye kwa shilingi 700, na lilinitosha. Soksi za sufu mbili mbili, glavu, kofia ya kufunika masikio, koti la mvua hata kama ni kiangazi. Ambacho hupaswi kukisia ni mfuko wa kulalia, kwa maana usiku juu maji ya kwenye chupa hushika barafu. Kodisha mzuri. Malipo ya mbuga hufanywa kupitia eCitizen, na Mkenya hulipa kiwango cha raia akionyesha kitambulisho, kwa hiyo usikiache nyumbani. Viatu, vivae nyumbani kwanza wiki kadhaa. Kuna mwenzetu aliyenunua vipya Kitale siku ya safari na ngozi ya visigino ilibaki ndani ya soksi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Jaduong' alipata msiba. Rafiki yake wa utotoni alikuwa anazikwa Siaya Jumamosi, na hangeweza kukosa. Akasema sisi tutangulie, yeye atakuja na lile gari la mizigo moja kwa moja hadi kambi ya juu, tupande kilele pamoja.

Nilimwambia mwelekezi. Hakufurahi. Alisema mzee atakuwa amefanya vilevile tulivyokataa kufanya sisi. Lakini nani angemwambia Jaduong' asije? Yeye ndiye aliyeanzisha chama. Alikuwa ameongea juu ya mlima huu tangu astaafu. Kijana akaona tumenyamaza, akasema, "Sawa. Basi gari likimleta, lisirudi. Lilale na sisi."

Hilo sharti liligharimu usiku mmoja wa dereva. Nalitaja kwa sababu baadaye ndilo lililoamua kila kitu.

Pango la Kitum lilikuwa darasa letu la kwanza kuhusu mwelekezi tuliyempata. Ndovu wa Elgon huingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mikonga gizani, na huchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Alama zimejaa kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, mistari juu ya mistari, na ukiweka mkono karibu nazo unaona ni vizazi vingapi vya ndovu vimepita pale. Mwalimu wetu wa michezo alitaka kuingia hadi mwisho, penye popo. Kijana akamzuia. Akatueleza kwamba mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu waliokuwa wametembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafariki, na kwamba virusi hivyo huishi ndani ya popo wanaokula matunda. Tukae panapofika mwanga, tufunike pua, tusiguse kuta wala kinyesi cha popo, na mwenye kidonda kibichi asiingie kabisa. Mwalimu wa michezo alijaribu kubembeleza, halafu akajaribu kumtania, halafu akatoa noti. Kijana aliikunja ile noti akairudisha mfukoni mwa mwenyewe. Tukaenda Makingeny, ambako maji huanguka mbele ya mdomo wa pango, tukapiga picha huko.

Kupanda msituni ni sehemu ninayoipenda nikiikumbuka. Miaka yote nimechora ubaoni kanda za mimea ya milimani, sasa nilikuwa ninazipita moja baada ya nyingine: mitarakwa na podo ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, teki ya Elgon, kisha mianzi, kisha miti mifupi iliyoota ndevu za kijivu, na hatimaye uwanda wa nyasi ngumu wenye lobelia na senesio zinazomzidi mtu urefu. Mwendo wetu ulikuwa wa polepole mno. Kama huwezi kuongea sentensi nzima unapotembea, unakwenda kasi. Askari alitusimamisha mara moja kwa muda mrefu kwa sababu ya nyati waliokuwa wamelala njiani, na hakuna aliyelalamika.

Tulivuka kijito kimoja kisafi, cha kuruka tu. Mwenzetu mmoja anayetoka Budalang'i aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Vijito vya upande ule hushuka na kuingia Mto Koitobos, nao Koitobos huingia Nzoia, na Nzoia humalizikia Ziwani huko kwao. Alichutama akaweka mkono ndani ya maji, akasema kwao wameyakimbia maji haya mara nyingi, wamebeba watoto na kuku, na hajawahi kufikiria kwamba mahali fulani ni madogo hivi. Akatuambia kila mti unaokatwa huku juu, wao huusikia mlangoni. Tulikaa pale kidogo kabla ya kuendelea.

Jaduong' alifika kambi ya juu alasiri, sisi tukiwa tumeshafunga mahema. Alishuka garini akiwa na furaha, amebeba njugu za Siaya na mandazi, akamsalimia kila mtu kwa mkono hadi wapagazi. Alitutania kwamba tumetembea njia ambayo yeye ameisinzia.

Wakati wa chakula hakugusa ugali. Alisema alikula sana matangani. Baadaye aliomba Panadol kwa ajili ya vumbi la barabarani. Kisha akaingia hemani mapema, akasema ni baridi. Kila neno lilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kuaminika, na ndiyo maana naziandika zote. Ugonjwa wa mwinuko huanza hivyo: kichwa, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, usingizi wa kukatikakatika. Mtu mzima mwenye heshima yake ana maelezo ya kila dalili. Kijana hakubishana naye. Alihamisha tu hema lake likawa karibu na la mzee.

Usiku alimsikia akitapika nje. Akatoka, akakaa naye. Alituambia baadaye kwamba alikuwa akimwamsha kila baada ya muda na kumuuliza vitu vidogo: jina la shule aliyostaafia, jina la marehemu waliyemzika. Majibu yalikuwa sahihi, ila yalianza kuchelewa. Ni usiku huo pia alipojua kwamba mzee hutumia dawa za shinikizo la damu, jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye fomu.

Asubuhi mahema yalikuwa meupe kwa umande ulioganda. Sote tulikuwa tayari, tochi mkononi. Kijana alichora mstari ardhini kwa kijiti, akamwomba Jaduong' autembee, kisigino kikigusa vidole, hatua moja baada ya nyingine. Mzee alijaribu. Hatua ya tatu mguu ukaenda pembeni. Akarudia, akalazimika kushika bodi ya gari.

"Hii ni michezo ya watoto wa chekechea," akasema. "Nimeongoza shule kabla wewe hujazaliwa."

Kijana alivua kofia yake. Sitasahau hilo, kwa jinsi kulivyokuwa na baridi. Akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia: "Mzee wangu, mimi kwako ni mtoto. Ukinituma maji nitakimbia. Lakini langoni nilihesabiwa watu na nitaulizwa watu. Leo unashuka. Sikuombi ruhusa, nakuambia."

Palikuwa kimya. Kwetu hakuna kijana anayemwambia mzee hivyo mbele za watu, na niliona nyuso za wenzangu zikifunga. Mwenyekiti wetu alijaribu kupatanisha. Alisema mzee abaki kambini apumzike hemani na mpishi, sisi tupande, mchana tutakuwa tumerudi, kisha tushuke naye wote. Maneno yalionekana ya busara, na wengi walitikisa kichwa kukubali. Kama mtakumbuka jambo moja tu kutoka kwenye simulizi hii, kumbukeni jibu la kijana. Alisema mtu aliyeshindwa kutembea mstari haponi kwa kulala palepale palipomwumiza. Anaweza kuzidiwa akiwa amelala na mpishi akadhani ni usingizi. Na sasa hivi bado anaweza kupanda garini mwenyewe. Mchana huenda akabebwa. Mwingine akauliza kuhusu vidonge vya Diamox. Akajibu kwamba ni dawa ya kuandikiwa na daktari kabla ya safari, inayosaidia mwili kuzoea, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme. Ila hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kushuka.

Jaduong' alikuwa amekaa kwenye jiwe, hatazami mtu.

Ndipo Madam Naibu, mwalimu mwenzetu aliye karibu kustaafu, alipokwenda hemani kwake, akatoka na mkoba wake, akauweka garini. Akaketi kiti cha nyuma. Akaita, "Jaduong', njoo tushuke pamoja. Magoti yangu yamekataa." Magoti yake hayakuwa na neno. Nilikuwa nimetembea nyuma yake tangu langoni. Alikuwa amechanga mwaka mzima kama mimi, na kilele kilikuwa kinaonekana kutoka pale aliposimama.

Mzee alinyanyuka akaingia. Askari wa pili akaenda nao. Gari liliposhuka nilitazama saa: tangu mstari uchorwe ardhini hadi injini iwake hazikupita dakika ishirini. Hiyo ndiyo kazi ya gari kulala kambini na pesa kuwa zimetengwa. Hakuna aliyemtafuta dereva, hakuna aliyepiga simu ambayo mtandao wake hauaminiki, hakuna aliyefungua mkoba.

Nasi tulipanda. Koitobos si ya kukwea kwa kamba. Ni njia ya kutembea, ya kuhema, yenye miamba iliyosimama kama nguzo karibu na juu. Mwalimu wa michezo alikuwa na maumivu madogo ya kichwa, akajitaja mwenyewe bila kuulizwa, na kijana akamweka mbele ya msafara, karibu naye, ili amwone. Tulikuwa tumekubaliana saa ya kugeuka, tumefika tusifike, kwa sababu mawingu hufunga mchana. Tulifika kabla yake. Ng'ambo ya bonde kubwa Wagagai ilikuwa wazi, upande wa mashariki milima ya Cherangani, na chini yetu bonde lile ambamo Mto Suam unaanzia safari ya kwenda kuwa Turkwel na kuingia Ziwa Turkana. Maji ya mlima mmoja yanagawanyika kwenda maziwa tofauti! Nililia kidogo, kwa furaha na kwa kuwafikiria wawili waliokuwa chini.

Ujumbe uliingia tuliposhuka mahali penye mtandao. Walipofika msituni mzee alikuwa ameanza kuuliza habari za chakula. Walimpitisha hospitalini hata hivyo, akapimwa, akaambiwa apumzike na asipande tena mwezi huo. Tulipowakuta Kitale alikuwa anakunywa chai ya maziwa, na alitaka kusikia kila kona ya njia.

Njiani kurudi hawakuongea, yeye na kijana. Waliagana tu kwa mkono. Niliogopa kwamba heshima ilikuwa imevunjika na haitarudi. Nikamuuliza kijana kama amemkasirikia mzee. Akaniambia kwamba alipoanza kazi hii alimwacha mteja mmoja aliyekuwa mkubwa wake aendelee kupanda kwa sababu aliona haya kumkataza, na walimteremsha kwa machela ya miti, watu wanane wakipokezana usiku. Yule mtu alipona. Tangu hapo, alisema, huona haya baadaye, akishamfikisha mtu nyumbani.

Kwa hiyo mnapomtafuta mwelekezi, muulizeni pia nani ana neno la mwisho mlimani, mweke jibu kwenye maandishi, na kila mtu atie sahihi, wazee kwanza. Orodhesheni dawa mnazotumia, na asiwepo mtu wa kuona aibu ya shinikizo la damu au kisukari. Chagueni mapema mtu mmoja wa rika la wazee ambaye atasimama upande wa mwelekezi siku ikifika; sisi tulimpata kwa bahati, kwa moyo wake tu. Mjue dalili za hatari: kuyumba, kuchanganyikiwa, kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu. Zikionekana, hakuna kusubiri asubuhi. Na ulizeni wapagazi wanapata kiasi gani mkononi, si kampuni inalipwa kiasi gani. Watu hao ndio watakaokubeba.

Kikao cha chama kilichofuata kilifanyika nyumbani kwa Madam Naibu. Jaduong' alisoma hesabu kama kawaida yake, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye pesa za kushukia alisoma dizeli, dereva, hospitali, akataja kwamba matumizi hayo ni yake, na akapendekeza mchango huo uongezwe mara mbili kwa safari ijayo. Ukapitishwa. Kisha akauliza namba ya yule kijana, akatoka nje kumpigia. Waliongea muda mrefu. Alirudi akasema Januari ijayo atakwenda tena, ameshaongea na daktari wake, na safari hii atalala langoni na sisi. Madam Naibu amelipa mchango wake wa kwanza.